Nyuso Zisizokauka

Akikutazama ulijiona kama mtu aliyesahau kufunga kifungo. Macho yake hayakukutana na yako. Yalikwenda pale shavu linapoachana na mfupa, yakashuka chini ya kidevu, yakapanda nyuma ya sikio, na hayo yote akiwa anakusalimu vizuri, anauliza habari za nyumbani, za mihogo, za shangazi aliyevunjika mguu. Ukiachana naye ulitamani kujipapasa uso kuhakikisha kila kitu kiko mahali pake.

Tabora yote tulimwita Mwanafunzi. Nilipoanza kumfahamu alikuwa mtu mzima, mvi zimeshaingia juu ya masikio, lakini ukimwuliza kazi yake alisema bado anasoma. Aliwahi kweli kusoma uchoraji wa rangi za mafuta katika chuo kimoja ng'ambo ya ziwa. Akaugua, akarudishwa kwa meli hadi Mwanza na kwa treni, akashukia kwetu kabla ya kufika kwao, na hakwenda tena kumaliza. Mtu mwingine angesema masomo yalimkatikia. Yeye alisema yamemfuata. Ukimwuliza anasoma nini, alijibu bila kucheka wala kununa, "Nasoma namna watu wanavyokufa," halafu akaendelea kukuuliza habari za mihogo.

Naandika haya kwa shida, na ni bora niseme mapema. Mimi kazi yangu ni kuandika vibao vya maduka na majina kwenye misalaba ya makaburi. Hakuna aliyenifundisha. Herufi nilizipata kwa kunakili makopo ya chai na magazeti ya zamani yaliyofungiwa sukari. S ikiegama kidogo tu, chakula hakipiti. Naikwangua yote, naanza upya, na ile mpya inaegama upande wa pili. Kuna mjane mmoja wa Puge ambaye mumewe alilala bila msalaba masika yote kwa sababu mimi sikuridhika na jina lake. Na maneno ni mabaya kuliko herufi, maana neno likiegama hulioni. Ukurasa huu nimeshauchana mara nyingi. Safari hii nauacha ulivyo.

Nyumba yake ilikuwa nje ya mji, upande wa kwenda Kwihara, kando ya njia ya zamani ya misafara. Siku hizi njia hiyo ni ya baiskeli na ng'ombe, lakini ardhi imebonyea katikati kama kitanda cha kamba kilicholaliwa na watu wengi. Mvua kubwa ikipita, shanga hutokea kwenye udongo, nyekundu na za buluu, ndogo kama mbegu za mchicha. Watoto huziokota. Mwanafunzi hakuokota hata moja, na aliruka pale alipoziona. Alisema kila shanga ilidondoka kutoka kwa mtu, na huwezi kujua kama mtu huyo alisimama tena.

Ndani hakukuwa na kiti cha mgeni. Kulikuwa na nyuso. Alichora juu ya merikani, kitambaa kilekile cheupe ambacho misafara ilikuwa ikibeba kwa majora, akakiwamba kwenye fremu ya mbao, akakipaka gundi ya ngozi na chokaa. Kuta zote nne zilikuwa na watu, na wote walikuwa wagonjwa au wazee sana, na wote waling'aa. Ulipoingia kutoka kwenye jua ulidhani wanatoka jasho.

Alianza na wazee waliokuwa wapagazi ujanani mwao, waliobeba pembe za ndovu hadi pwani na kurudi na vitambaa. Walikuwa wamebaki wachache, wamekaa kwenye ngozi zao za mbuzi huko vijijini, na wajukuu wao walishachoka kusikiliza. Mwanafunzi hakuchoka. Aliwaamkia kwa adabu, akawaita guku, yaani babu, akaomba wavue shati. Begani, pale mzigo ulipokuwa ukikaa, mzee wa namna hiyo alikuwa na sugu kubwa kama ngumi ya mtoto. Mwanafunzi alichora bega kwanza, uso baadaye. Mzee mmoja alimwambia kwamba hakuna mtu aliyemgusa pale tangu mkewe afariki, kisha akalia, na Mwanafunzi akachora hayo machozi bila kumbembeleza.

Hakuchora mtu mara moja akamaliza. Kila mtu alikuwa na kitambaa chake kimoja tu. Alichora uso aliouona, akaondoka. Aliposikia mtu huyo amezidiwa alirudi na kitambaa kilekile, akachora uso mpya juu ya ule wa kwanza. Akafanya hivyo tena na tena hadi mwisho. Kwa hiyo ndani ya kila picha walikuwemo watu kadhaa, wote mtu yuleyule, na wa juu kabisa alikuwa ameshafariki.

Mtu angefikiri alikuwa jasiri. Sijaona mwoga kama yeye. Jirani akitaka kuchinja kuku, Mwanafunzi alitoka akatembea njiani hadi kelele ziishe, mikono masikioni, viatu vyake alivyoving'arisha kwa nta ya nyuki vikijaa vumbi. Reli hakuivuka kwa miguu kama kulikuwa na injini popote machoni, hata iliyozimwa. Kwenye harusi alicheza kuliko wote na alikuwa wa mwisho kuondoka. Na hakuwa na kioo. Alinyoa ndevu kwa kupapasa, ndiyo maana siku zote palibaki nywele chache chini ya taya la kushoto. Nilipomwuliza kwa nini hajawahi kujichora mwenyewe, aliniomba nimsogezee kopo la rangi nyeupe.

Kwa muuza kahawa karibu na soko, wanaume walimtania huku wakisogeza viti vyao mbali kidogo.

"Mwanafunzi, kaa upande ule. Mimi leo nina mafua."

"Mafua hayatoshi," alijibu. "Ukizidiwa niite."

Walicheka, kisha kila mmoja akatazama ndani ya kikombe chake. Akina mama kisimani waliwafunika watoto nyuso kwa khanga alipopita. Ilishajulikana kwamba anaowachora wanakufa. Niliwahi kujaribu kueleza kwamba aliwachagua kwa sababu walikuwa wanakufa tayari. Mama mmoja aliniuliza kwa upole kama nina uhakika kipi kilianza, na nikagundua sina.

Lililowatisha watu zaidi ni kwamba picha zake hazikukauka. Mke wa afisa mmoja wa serikali alisikia habari zake, akaja na gari, akapenda uso wa mzee mpagazi, akauchukua. Kabla ya wiki kwisha dereva aliurudisha umefunikwa shuka. Alisema mama ameharibu nguo mbili, na kwamba mzee amegeuza shingo. Dereva mwenyewe hakutaka kuufunua ili tuhakikishe.

Sababu ilikuwa jikoni. Mafuta yanayotakiwa kwa rangi hizo ni ya mbegu za kitani, nayo yalikuja kwa treni kutoka Dar es Salaam pale mwenye duka alipokumbuka kuagiza. Yalipokwisha, Mwanafunzi alisaga rangi zake kwa mafuta ya karanga. Rangi ileile, wepesi uleule, na karanga kwetu hazikosekani. Lakini mafuta ya karanga hayakauki, hata uyaanike kiangazi kizima. Kule chuoni chupa zilikuja zimeshajazwa, na yeye aliugua kabla ya kufika somo la kilichomo ndani yake. Alipokuja kulitambua kosa, nyuso nyingi zilikuwa zimeshachanganyika, tabaka la karanga chini, la kitani juu, la karanga tena. Hakulisahihisha. Alisema ngoja tuone.

Mimi kule nilikwenda kuuliza namna ya kuifanya rangi nyeupe isigeuke njano. Nilikuwa nimebeba kibao cha duka la nguo, kazi niliyoirudia hadi mwenye duka akaanza kunitumia watu. Mwanafunzi alikishika kwa mikono miwili, akakitazama kama alivyotazama mashavu ya watu.

"Hii umeifanya mpaka imekufa," alisema.

Alisema kwa sauti ya kusifu. Hadi leo sijui kama ilikuwa sifa au tusi, na nimelala nalo neno hilo miaka. Baada ya hapo nilikwenda mara kwa mara. Hakunifundisha kitu. Nilikaa sakafuni nikamwona anavyoshika brashi mbali na manyoya, anavyofinya jicho moja, anavyoacha kitu kikiwa bado kibaya na kwenda kula ugali. Hilo la mwisho lilinitesa sana.

Kisha Baba akaugua.

Baba alikuwa mchochea moto kwenye treni za Kigoma. Alijua kila kilima hadi Kaliua na kuendelea, kwa namna injini ilivyopumua. Kifua kilianza kama kifua cha watu wote, kikakataa kuisha, hospitali wakamweka, wakamrudisha nyumbani kwa maneno mazuri mno. Tulielewa. Nilichotaka kilikuwa kimoja tu, uso wake ubaki. Picha pekee ya kamera tuliyokuwa nayo ilikuwa ya kazini, watu wamesimama mbele ya injini, na yeye ni kofia nyuma ya bega la mtu. Nilijaribu kumchora mwenyewe. Nilirudia jicho la kulia mpaka ubao ukatoboka.

Nilipomtaja Mwanafunzi, Mayu, mama yangu, aliweka chini ungo aliokuwa akipepetea.

"Wote aliowachora wako wapi?"

"Walikuwa wagonjwa, Mayu."

"Na baba yako ni nani?"

Alijibu Baba mwenyewe kutoka chumbani, kwa sauti iliyobaki. Alisema mtani wake aachwe aje.

Maana Mwanafunzi alikuwa Mgogo, na sisi ni Wanyamwezi. Misafara ya wazee wetu ilipita kwao, ikagombania maji na ushuru, na kutokana na ugomvi huo tumerithi utani. Mgogo anaweza kumtukana Mnyamwezi hata akiwa mahututi, na hakuna wa kumkasirikia. Msibani anaweza kulala kitandani mwa marehemu, akamwigiza anavyokoroma, akashika kitu chake na kudai kiwe chake, na wafiwa hawana ruhusa ya kumnyima bila kumridhisha. Watu wasio na desturi hii hutushangaa. Sisi tusingeweza kuzika bila kucheka.

Basi alikuja, na kitambaa kipya. Baba tulikuwa tumemkalisha barazani, ameegemezwa mto.

"Mgogo, umekuja kuniiba?"

"Nikuibe nikupeleke wapi? Babu zako walibeba pembe hadi pwani. Wewe leo hata kope zako zinakushinda."

"Zinakushinda wewe. Nasikia huwezi kuzichora."

"Nyamaza, unatikisa kidevu."

"Nikinyamaza utasema nimekufa, uchukue na kitanda."

Baba alicheka mpaka akakohoa, na Mayu akasema kutoka jikoni kwamba atawatoa wote wawili. Na katika kile kituo baada ya kicheko, kabla mdomo haujaamua kufunga, Mwanafunzi alimpata. Nilisimama nyuma yake nikaona uso wa Baba unajitokeza kwenye merikani, mzima, mchokozi, na jicho la kulia ambalo mimi nilitoboa ubao nikilitafuta. Hakukuwa na kitu cha kurekebisha. Sikuwahi kuona kitu ambacho hakikuwa na cha kurekebisha.

Nilimfuata hadi njiani. Nilimwambia aiache hivyo, asiiguse tena.

"Huyu ni wa leo," alisema.

"Huyu ndiye ninayemtaka."

"Wewe unamtaka. Yeye hatakaa."

Alirudi Baba alipoacha kula, akachora juu yake. Akarudi Baba alipoacha kuongea, akachora tena. Mara zote mbili nilitoka nje ili nisione brashi ikipita kwenye lile jicho. Nyuso mbili za kwanza zilikuwa za karanga, lakini safari ya mwisho treni ilikuwa imeshaleta mafuta ya kitani, na uso wa mwisho, wenye midomo iliyoingia ndani na pua iliyochongoka, aliuchora kwa mafuta hayo mazuri. Ulikauka vizuri sana. Baba alifariki asubuhi ya Jumapili, majirani wakiwa kanisani, na tulisikia wimbo wao kabla hatujaanza kulia.

Kwenye mazishi watani wengine walifanya kazi yao. Mmoja alivaa kofia ya Baba na kuchochea moto usiokuwepo hadi wajomba wakajishika mbavu. Mwanafunzi alisimama nyuma ya watu na mikono yake mifukoni. Mtu alimchokoza, Mgogo, leo hudai kitu? Alisema atadai baadaye.

Picha tuliitundika, nikaigeuza ukutani. Sikuweza kuitazama. Nilikuwa nimeomba uso na nikapewa maiti.

Miezi ya joto kabla ya mvua, bati la nyumba yetu huwaka hata huwezi kuegemea ukuta. Siku moja mchana Mayu alikuwa anafagia, akaigeuza ile picha apanguse vumbi, na mimi nikasikia ufagio umesimama. Uso wa juu ulikuwa umeteleza. Ile ngozi kavu ya rangi ilikuwa imejikunja kwenye paji na kushuka nzima, imeukokota na uso wa kati, midomo iliyoingia ndani imefika kidevuni, na juu yake, pale ulipotoka, palikuwa na mdomo mwingine, mbichi, unaong'aa, ambao haujaamua kufunga. Jicho moja la kufa lilikuwa shavuni. Juu yake jicho jingine lilianza kuchungulia, nusu, la kulia.

Mayu aliweka ufagio chini. Aliketi. Kesho yake nilimkuta amesogeza kigoda mbele ya ukuta, na nikamsikia akisema, "Mwangaluka," kama alivyomwamkia Baba kila asubuhi ya ndoa yao.

Sikufanya kazi siku zile. Nilikuwa nakwenda kuangalia jicho. Nitasema ukweli, niliogopa, na wakati huohuo nilifurahi, kwa sababu alikuwa anarudi yule niliyemtaka. Ngozi ile ikidondoka yote, ningekuwa naye. Lakini ingedondoka vibaya? Ingechukua pua? Sikuweza kungoja. Niliamua kwenda kwa Mwanafunzi kumwuliza kama kuna namna ya kuitoa kwa kisu bila kumjeruhi wa chini.

Nilimkuta kitandani. Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba ni mgonjwa, maana hakuna wa kwao aliyekuwa Tabora. Mlango ulikuwa wazi na jua la mchana limeingia hadi katikati ya chumba. Chini ya kila picha, sakafuni, kulikuwa na maganda ya rangi. Nilipoinua macho nilielewa. Wote walikuwa wameteleza. Wapagazi wote walikuwa wamevua nyuso zao za mwisho na kutoa za kabla yake, na wengine walishafika kwenye za kwanza, wazee waliokuwa bado na nyama mashavuni, wanatutazama wakiwa wametota.

"Wanarudi nyuma," Mwanafunzi alisema. "Nimelala hapa nawaona."

Mikono yake ilikuwa imekwisha. Nilimpa maji, nikamwuliza amekula nini, halafu, kwa aibu, nikamwuliza lile langu la kisu. Aliniambia nisiguse. Itatoka yenyewe kabla ya mvua, na jicho litatoka zima. Nilishukuru mpaka nikamshika mguu. Alingoja nimalize.

"Mimi ni mtani wenu," alisema.

"Ndiyo."

"Msibani sikudai."

"Hukudai."

"Sasa nadai. Nichore juu ya baba yako."

Nilimwambia nitamletea merikani mpya siku ileile, nitaiwamba mwenyewe, hata kubwa kuliko zote.

"Kwenye kitambaa kipya nitakuwa peke yangu."

Alinyoosha mkono chini ya kitanda, akatoa chupa ndogo. Ilikuwa ya mafuta ya kitani, iliyobaki. Alisema nitumie hayo, anataka kukauka. Nilisema kwamba nikiyaweka juu ya Baba akiwa mbichi namna ile, yatamfunga. Alisema anajua. Nikasema jicho ndiyo kwanza limeanza kutoka.

"Najua. Mimi ndiye niliyelichora." Kisha akageuza uso ukutani, na kwa mara ya kwanza nikasikia sauti yake bila ule utulivu wa kuuliza habari za mihogo. "Nimewatazama wote hawa. Nilidhani nikiwatazama sana nitajua. Sijui kitu. Naogopa."

Nilirudi nyumbani na kumwambia Mayu, nikitumaini atakataa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza kama mgonjwa ana mtu wa kumpikia uji. Nikasema hana. Akaishusha picha mwenyewe kutoka ukutani, akaifunika kwa khanga bila kitambaa kugusa rangi.

"Baba yako alimkaribisha mwenyewe," alisema. "Mpelekee. Nami nakuja na uji."

Tulipita sokoni jua la utosi, mimi nimebeba picha, yeye sufuria. Watu walitupisha.

Sijawahi kuchora kitu kwa haraka maishani mwangu. Mayu alimwegemeza mgonjwa, akamlisha vijiko vichache, akakaa mlangoni. Niliiondoa ile ngozi ya kifo iliyokuwa inaning'inia, na kwa muda wa kuchovya brashi Baba alikuwa pale, mzima, jicho lote. Nililitazama. Halafu nikaanza.

"Nikoje?" Mwanafunzi aliuliza.

Nilikumbuka kwamba hakuwa na kioo. Nilimwambia ana paji pana, na makunyanzi mawili ya kucheka upande mmoja tu. Nilimwambia mashavu yameingia, lakini macho ni ya mtu aliyekuja mapema harusini. Nilimwambia sikio la kushoto ni kubwa kuliko la kulia.

"Muongo. Wanyamwezi wote waongo."

"Nalichora. Utaliona."

"Litachoreka vibaya. Wewe ukipata sikio utalirudia mpaka lifike begani."

Mayu alicheka mlangoni. Naye akacheka, na nikachora hivyo. Lakini Baba alikuwa mbichi chini ya mkono wangu. Kila nilipoburuta brashi, rangi yake ilipanda na kuingia kwenye ile niliyoileta, hata shavu la Mwanafunzi likawa na wekundu ambao haukuwa wake, na mdomo wake ukabaki wazi kidogo kwa namna ninayoijua. Sikuweza kuwatenganisha. Jua lilipoacha chumba sikio lilikuwa bado baya. Nilisema nitalirekebisha kesho. Kesho yake asubuhi nilimkuta amefariki, uso ameuelekeza kwenye picha.

Tulimzika sisi, Wanyamwezi, kwa kuwa ndio watani wake na hakuwa na wengine. Mtu alipaswa kumwigiza. Wote walinitazama. Mimi ambaye siwezi kuagiza chumvi dukani bila kujaribu maneno kichwani kwanza, nilisimama mbele ya kaburi, nikafinya jicho moja, nikawapitia waombolezaji mmoja mmoja kwenye mashavu na chini ya videvu, nikiwauliza habari za mihogo. Walicheka na kurudi nyuma. Msalaba wake niliuandika siku ileile, herufi zimeegama, na ndipo nilipouliza kwa mara ya kwanza jina lake. Liko pale. Anayelitaka akalisome.

Picha iko nyumbani. Juu imekauka, laini kama ganda la yai, na sikio sijaligusa. Miezi ya joto imefika tena na bati linawaka. Kila asubuhi nakuta Mayu ameshakivuta kigoda chake. Anaweka kiganja shavuni, anabonyeza kidogo, na shavu linabonyea na kurudi. Ananiambia chini bado ni laini. Kisha anaamkia mara mbili, na baada ya kila salamu anangoja.